Ndoa ikivunjika Malinya, fahali abaki na nani?

Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ikiwa umewahi kufika Malinya, huko Ikolomani katika kaunti ya Kakamega, siku ya mchezo wa fahali, basi umeyaona maneno hayo kwa macho yako mwenyewe. Ngoma za isukuti zinarindima, vijana wanakimbia huku na huko na matawi mikononi, na katikati ya uwanja mafahali wawili wamefungana pembe. Haupiti muda mrefu kabla ya mmoja kugeuka na kutimua mbio. Umati humfuata mshindi kwa nyimbo na vigelegele. Hakuna anayebaki kutazama nyasi.

Leo, msomaji mpenzi, nataka mimi na wewe tubaki nyuma kidogo tuzitazame.

Maana ndivyo inavyokuwa mume na mke wanapofika mahali pa kusema, "Basi, kila mtu na njia yake." Majirani hutaka kujua nani alikosa na nani alishinda. Lakini ugomvi ukishapoa hubaki maswali ambayo hayana vigelegele. Nyumba ni ya nani? Shamba je? Ng'ombe wa maziwa? Mkopo uliobaki utalipwa na nani? Na watoto watalala wapi usiku wa leo?

Hebu tuwachukue mume na mke wa kubuni wa hapo Malinya. Majina hatuwapi, usije ukadhani ninawasema jirani zako. Bwana ni dereva jijini Nairobi. Alimwoa bibi huyu kwa mila, ng'ombe wa mahari wakatolewa, wazee wakala wakashiba. Bibi alibaki nyumbani. Yeye ndiye aliyelima, akakama, akauza maziwa na sukumawiki sokoni, akawalea watoto watatu, akamwuguza mama mkwe mpaka siku ya mwisho. Bwana alituma pesa kila mwezi. Pesa hizo zilinunua kiwanja mjini Kakamega, kikajengwa vyumba sita vya kupangisha. Nyumbani nako walijenga nyumba ya mawe juu ya shamba ambalo bwana alirithi kwa babake kabla ya kuoa. Na kwa kuwa hapa ni Malinya, bwana alinunua pia fahali wa kupigana.

Miaka kumi na minane ikapita. Desemba moja bwana akaja likizo, akaketi kitini, akasema: "Ulikuja hapa na sanduku, utaondoka na sanduku."

Ni maneno machache, lakini wanawake wangapi wameyasikia? Na wangapi wameyaamini, wakainua sanduku na kwenda zao? Leo tutayapima maneno hayo tuone kama sheria ya Kenya inayakubali.

Usiinue sanduku upesi

Akufukuzaye hakwambii toka, wahenga walisema. Lakini hata akikwambia toka, sheria ina neno lake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, iliyoanza kutumika Januari 16, 2014, inasema kwamba maadamu ndoa ingalipo, mume hawezi kumfukuza mke katika nyumba ya ndoa, wala mke hawezi kumfukuza mume, isipokuwa kwa amri ya mahakama. Si amri ya shemeji, si amri ya mzee wa kijiji, wala si amri ya chifu.

Tena sheria hiyo inasema katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila ya wote wawili kukubali. Ndiyo sababu benki hutaka sahihi ya mke au mume kabla ya kuchukua nyumba kama dhamana. Bwana wetu hawezi kuamka kesho akauza vile vyumba vya Kakamega kimyakimya. Akijaribu, bibi anaweza kwenda kwenye ofisi ya ardhi akaomba zuio liwekwe kwenye daftari la kiwanja kile, au akaomba korti isimamishe mauzo.

Hata hivyo, nikuonye jambo moja. Ikiwa kuna kipigo ndani ya nyumba, uhai ni kwanza. Ondoka na watoto wako, pata matibabu, piga ripoti polisi. Sheria ya Kulinda Watu Dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015 inaruhusu korti kumzuia mpigaji asikukaribie. Kuondoka ili kuokoa roho yako hakufuti haki yako kwenye mali. Mabati yanangoja, maiti haingoji.

Tulikotoka

Ili uione haki hii vizuri, afadhali ujue tulikotoka. Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria yake yenyewe juu ya jambo hili. Mwaka 1971, katika kesi iliyojulikana kama I dhidi ya I, Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa inatumika nchini mwetu. Hebu fikiria: mama wa Ikolomani anadai nyumba yake, na kitabu kinachofunguliwa ni cha enzi ya Malkia Victoria.

Chini ya sheria hiyo majaji walivutana. Katika kesi ya Kivuitu, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani, na baadaye katika ya Nderitu, kazi ya mke nyumbani na kulea watoto ilitambuliwa, na wake wakapata nusu. Halafu Februari 2007 ikaja hukumu ya Echaria. Mume alikuwa amewahi kuwa balozi, na mali iliyogombaniwa ilikuwa shamba la Tigoni, Limuru. Mahakama Kuu ilikuwa imempa mke nusu. Mahakama ya Rufani ikampunguzia hadi robo, ikisema mchango usio wa pesa hauwezi kuhesabiwa mpaka Bunge litunge sheria.

Jirani zetu wa Tanzania walikuwa wametutangulia. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya familia. Lakini sikiliza mwisho wake, maana wengi huusahau. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Korti iliona kwamba mumewe alikuwa amempa pesa nyingi aanzishe biashara ya familia, naye akazitapanya. Kwa hiyo kesi ile ina mafunzo mawili: kazi ya nyumbani ni mchango, na ubadhirifu ni kinyume cha mchango.

Kwetu Kenya, milango ilifunguliwa na Katiba ya 2010. Kifungu cha 45 kinasema mume na mke wana haki sawa wakati wa kufunga ndoa, wakati ndoa inapoendelea, na wakati inapovunjwa. Miaka mitatu baadaye Bunge likatunga ile sheria ya 2013, na sheria ya Waingereza ya 1882 ikaagwa.

Mchango ni nini?

Hapa ndipo sanduku la bwana wetu linapoanza kutoboka. Sheria inasema mchango ni wa pesa na usio wa pesa. Usio wa pesa ni kazi za nyumbani na kuisimamia nyumba, kulea watoto, kuwa mwenzi, kusimamia biashara au mali ya familia, na kazi ya shamba. Soma tena hayo matano, kisha umtazame bibi yetu wa Malinya. Kuna hata moja ambalo hakulifanya? Bwana alituma pesa kwa sababu kulikuwa na mtu nyumbani wa kuzipokea na kuzisimamia. Kama angelazimika kumwajiri mlezi wa watoto, mkulima, mkamaji na msimamizi wa mjengo, angebaki na shilingi ngapi za kununulia kiwanja?

Lakini usikimbilie kupiga vigelegele. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 7, inasema mali ya ndoa ni ya mume na mke kulingana na mchango wa kila mmoja. Haisemi nusu kwa nusu. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilikwenda kortini kukipinga kifungu hicho, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikakataa kukifuta. Kisha Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu ikatoa uamuzi katika kesi ya JOO dhidi ya MBO. Majaji walisema usawa ulio katika Katiba hauna maana kwamba ukiingia kwenye ndoa unatoka na nusu moja kwa moja. Kila upande lazima uonyeshe mchango wake, na kila kesi itazamwe kivyake.

Pamoja na hayo, mke katika kesi hiyo alipata nusu. Mahakama Kuu ilikuwa imempa asilimia 30 ya nyumba na asilimia 20 ya vyumba vya kupangisha. Mahakama ya Rufani ikampandisha hadi nusu, na Mahakama ya Juu ikaliacha hivyo. Alikuwa mfanyakazi wa mshahara na alichukua mikopo kusaidia familia. Alipata nusu kwa kuwa alionyesha.

Hii ni ngao ya pande zote mbili, waume kwa wake. Mwanamke anayefanya kazi usiku na mchana hospitalini huku mumewe akishinda kwenye bao na pombe naye analindwa. Mume huyo hawezi kuinuka siku moja na kudai nusu ya kila alichochuma mwenzake kwa sababu tu waliitwa mume na mke.

Kipi kimo, kipi hakimo?

Kabla ya kugawa, lazima ujue unachogawa. Kaa chini na karatasi, uandike kila kitu. Kwa sheria, mali ya ndoa ni nyumba au nyumba za ndoa, vyombo na samani za nyumbani, na mali nyingine yoyote ambayo wawili hao wanaimiliki pamoja na waliipata ndoa ikiendelea.

Je, jina likiwa la mmoja tu? Kile kiwanja cha Kakamega kina hati yenye jina la bwana peke yake. Wengi hufikiri hapo kesi imekwisha. Sivyo. Mali iliyonunuliwa ndoa ikiendelea kwa jina la mmoja, sheria huichukulia kwamba anaishikilia kwa niaba ya mwenzake pia, mpaka athibitishe vingine. Na ikiwa majina yote mawili yamo, korti itaanza kwa kuamini kwamba mafungu yao ni sawa.

Sasa tuje kwenye kitovu cha fitina nyingi za kwetu: shamba la urithi. Shamba ambalo mtu alikuwa nalo au alirithi kabla ya kuoa si mali ya ndoa. Na likiwa bado lina jina la babu aliyefariki zamani, kama yalivyo mengi vijijini, basi hata bwana mwenyewe si mwenyewe bado, na korti ya ndoa haiwezi kugawa mali ya mtu mwingine. Hapa bibi zetu wengi huumia. Wamejenga nyumba za maana juu ya ardhi ambayo hawataipata.

Lakini si kwamba wanatoka mikono mitupu. Kifungu cha 9 kinasema ukichangia kuboresha mali ya mwenzako ambayo si mali ya ndoa, unapata haki ndani yake kwa kadiri ya mchango wako. Shamba libaki kwa bwana, sawa. Lakini nyumba ya mawe, kisima, na migomba aliyopanda bibi vina thamani yake, na thamani hiyo inahesabika kwa pesa.

Na fahali je? Bwana atasema ni wake, yeye ndiye aliyemnunua na yeye ndiye anayecheza mbele yake siku ya mchezo. Bibi atauliza: nani aliyemkatia nyasi asubuhi, mvua ikinyesha, wewe ukiwa Nairobi?

Tupige hesabu

Maneno mengi hayajazi kapu. Tuchukue thamani za mfano tu, tuone hesabu ya haki inavyokwenda.

Vyumba vya Kakamega vina thamani ya shilingi 1,800,000, lakini vina deni la chama cha akiba na mikopo la shilingi 300,000. Kilichobaki ni 1,500,000. Nyumba ya mawe ya Malinya, bila shamba, ni 1,200,000. Ng'ombe wawili wa maziwa ni 140,000. Fahali ni 100,000. Vyombo na samani ni 160,000. Jumla ni shilingi 3,100,000.

Tuseme wawili hawa, baada ya kuketi na kusikilizana, wamekubali kwamba walichangia sawa. Kila mmoja anastahili 1,550,000. Je, wapasue nyumba katikati? Wamchinje fahali wagawane nyama? La. Kugawa kwa haki si kukata kila kitu vipande viwili. Ni kumpa kila mmoja kile kitakachomfaa, halafu kusawazisha kwa pesa.

Bwana abaki na nyumba ya mawe, kwa kuwa iko kwenye shamba la babake, na abaki na fahali wake. Hiyo ni 1,300,000. Bibi achukue vyumba vya Kakamega pamoja na deni lake, ng'ombe wa maziwa na vyombo. Hiyo ni 1,800,000. Bibi amezidi kwa nusu milioni. Akimrudishia bwana 250,000, wote wawili wanakuwa na 1,550,000.

Atazitoa wapi? Vyumba sita kwa kodi ya shilingi 4,000 kila kimoja huleta 24,000 kwa mwezi. Tukiiacha riba kando, akimlipa bwana 10,000 na kulipa deni 12,000 kila mwezi, baada ya miezi 25 bwana amemaliziwa zake na deni limeisha. Katika muda huo bibi atabana matumizi, atauza maziwa, lakini mwishoni ana mali isiyo na deni. Bwana naye ana paa juu ya kichwa chake na fahali wake zizini.

Sasa tazama upande wa pili. Bibi huyo huyo akienda kortini bila karatasi hata moja, na jaji akaona mchango aliouthibitisha ni asilimia 40, atapata 1,240,000. Tofauti ni shilingi 310,000. Hiyo ndiyo bei ya kutoweka kumbukumbu. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Madeni nayo hugawanywa

Watu wengi hukumbuka kugawa mali wakasahau madeni. Deni lililochukuliwa kwa faida ya familia, kama karo, matibabu au ule mkopo wa vyumba, ni la wote wawili hata kama aliyetia sahihi ni mmoja. Lakini tuseme bwana alikopa shilingi 80,000 akazimalizia kwenye starehe zake za mjini. Bibi ana haki ya kusema, "Mzigo huo haukuingia mlangoni kwangu."

Nenda kwenye chama cha akiba na mikopo uulize masalio. Uliza pia ni nani aliyemdhamini nani. Ndoa inaweza kuvunjika leo, udhamini ukakufuata miaka mitatu.

Wake wawili, na wale wasiooana

Bwana mwenye wake zaidi ya mmoja asifikiri hesabu ni ya kura. Sheria inasema mali iliyochumwa na mume na mke wa kwanza kabla ya mke wa pili kuingia ni ya hao wawili kwa usawa. Ile iliyochumwa baadaye ni ya mume na wake zake, kwa kutazama mchango wa kila mmoja. Mke wa pili hamrithi wa kwanza angali hai. Waislamu nao wanaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo haya.

Na nyinyi vijana wa vyuoni na mitaa ya Nairobi mnaoishi pamoja bila ndoa, msidhani habari hizi haziwahusu. Siku ile ile ya Januari 27, 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya MNK dhidi ya POM, watu wawili walioishi pamoja miaka mingi. Korti ilisema kuishi pamoja hakukugeuzi kuwa mke au mume hivi hivi, na kwamba dhana ya ndoa itumike kwa nadra. Hata hivyo, kwa kuwa wote wawili walichangia kwenye mali iliyogombaniwa, ikagawanywa asilimia 70 kwa mwanamke, ambaye mali ilikuwa kwa jina lake, na asilimia 30 kwa mwanamume. Bila ndoa, ni mkono wako na risiti zako tu. Wale waliooana kwa mila nao wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zao zisajiliwe. Usingoje siku ya ugomvi ndipo utafute wazee walioshuhudia mahari. Wazee huzeeka, wazee hufa.

Watoto si sehemu ya mali

Naomba uliandike hili kwa wino mzito. Watoto hawagawanywi kama ng'ombe, na matunzo yao hayamo katika hesabu tuliyoipiga. Katiba inasema mzazi wa kike na wa kiume wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe walioana au hawakuoana. Bwana wetu akishachukua nyumba na fahali, bado karo, chakula na hospitali vinamngoja. Bibi naye asimzuie baba kuwaona watoto kwa sababu ya shilingi ambazo hazijalipwa. Mtoto akigeuzwa rungu la kumpigia mwenzako, anayevunjika ni yeye.

Wazee kwanza, korti baadaye?

Kwetu watu hupenda mambo yaishe nyumbani, na si vibaya. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 159, inahimiza upatanishi na njia za jadi, mradi zisivunje haki za mtu. Tangu mwaka 2016 mahakama pia zina wapatanishi wao ambao huwaketisha wanaogombana kabla ya kesi kusikilizwa. Kesi ya mali huweza kuchukua miaka na kula pesa ambazo mlikuwa mkizigombania.

Lakini jua mipaka. Wazee wanaweza kupatanisha. Hawawezi kuvunja ndoa kisheria, wala kukunyima haki ambayo Katiba imekupa. Kurudishwa kwa ng'ombe wa mahari ni jambo la mila kati ya koo mbili. Hakumaanishi kwamba miaka kumi na minane ya jembe imefutika. Mkikubaliana mbele ya wazee, andikeni. Kila mmoja atie sahihi, mashahidi watie sahihi, kisha wakili awasaidie kuyapeleka makubaliano hayo kortini yawe amri. Makubaliano ya mdomo husahaulika mara bwana anapooa tena.

Kama huna pesa za wakili, usikate tamaa. Kuna huduma ya kitaifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, kuna FIDA Kenya iliyoanzishwa mwaka 1985, na kuna Kituo cha Sheria.

Daftari leo, si kesho

Sasa wewe unayesoma haya ukiwa na ndoa yako salama, chai ikiwa mezani na watoto wakipiga kelele uani, usiseme hayakuhusu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Weka risiti za saruji na mabati. Ukituma pesa za fundi, zitume kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Hifadhi karatasi za mkopo na daftari la maziwa. Mnaponunua kiwanja, andikisheni majina yote mawili. Kama shamba lingali na jina la babu, mhimize mwenzako akamilishe urithi. Na wachumba wanaojiandaa wanaruhusiwa na sheria kuandikiana mapatano juu ya mali kabla ya ndoa, ingawa korti inaweza kuyatupa yakiwa ya hila, ya kulazimishana au ya dhuluma ya wazi.

Kuweka daftari si kutarajia talaka. Wanaojua kila mmoja ameleta nini hupunguza kelele za "mimi ndiye niliyejenga nyumba hii".

Turudi kwa bwana na bibi wetu. Ni kweli bibi alikuja na sanduku. Lakini ndani ya miaka kumi na minane sanduku hilo limezaa nyumba, vyumba sita, ng'ombe wawili na fahali anayesifiwa na kijiji kizima. Akiondoka, aondoke na chake. Na bwana abaki na chake, bila chuki, ili siku binti yao atakapoolewa waweze kuketi chini ya hema moja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini kila mhunzi aondoke na nyundo yake.